Jinsi ya kuwatumia wajumbe wa kamati imeili kupitia Trello, na wakajibu kweli

Makatibu wenzangu wa kamati za mialo (kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga), za shule, za misikiti na makanisa, hii ni yenu, hasa nyie wa huku Kanda ya Ziwa ambao wajumbe wenu hawakai sehemu moja. Kamati yetu inasimamia ujenzi wa vichanja vya kuanikia dagaa pamoja na stoo yake, kuna mjumbe yuko Kirumba, mwingine Buhongwa, wengine Ukerewe, mwingine Sengerema, na huyo wa Sengerema siku hizi hana shida sana maana daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 anavuka muda anaotaka, ila wa Ukerewe bado anaangalia ratiba ya meli ya Nansio. Kuitisha kikao kwa kila profoma (karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji) ya mbao haiwezekani. Na grupu la WhatsApp nalo, ukiuliza bei ya nondo saa 4 asubuhi, ikifika jioni swali limeshafunikwa na salamu, tangazo la msiba, picha ya sangara wa mtu, na wiki inayofuata hakuna anayekumbuka nani alikubali nini.

Kitu kimoja nataka kieleweke kabla hatujaanza hatua zenyewe: mjumbe hahitaji kujifunza Trello. Anachohitaji ni kujua kufungua imeili na kuijibu, basi. Kazi yote ya kupanga ni ya katibu. Nimeona kamati zinaacha mfumo mzuri kwa sababu tu katibu alitaka wazee wote wawe mafundi wa kompyuta, wakachoka, wakarudi kwenye kupigiana simu.

Kwa asiyeijua, Trello ni programu ya kupanga kazi, ilianza 2011 na tangu 2017 iko chini ya kampuni ya Atlassian. Ina bodi, ndani ya bodi kuna orodha, ndani ya orodha kuna kadi. Kila kadi ni jambo moja. Hiyo "jambo moja" ishikeni sana, nitairudia huko chini.

HATUA YA 1: Kusanya anuani za imeili, na uzipate zile zinazofunguka

Watu wengi wana imeili mbili tatu, moja alifunguliwa stationery wakati anaomba kazi na hajaiona tena, nyingine ndo ile aliyoiwekea simu yake ya Android ili Play Store ifanye kazi. Unayoitaka ni hiyo ya kwenye simu. Fanya hivi, kikao kikiisha kabla watu hawajatawanyika, mwambie kila mjumbe afungue Gmail kwenye simu yake hapo hapo, wewe mtumie imeili ya majaribio, akuonyeshe imefika. Kwa mzee unaanza na shikamoo yako, unakaa pembeni yake, yeye mwenyewe ndo anabonyeza. Usimfungulie akaunti kwa paswedi unayoijua wewe, hata kama anakwambia "mwanangu nifanyie tu", maana siku uamuzi wa pesa ukibishaniwa atasema sio yeye aliyejibu, na atakuwa na haki.

Wa kitochi je? Wapo, na ni wajumbe halali kama wengine. Hao utawapigia, halafu utaandika jibu lao kwenye kadi kwa maneno yao: "Mjumbe wa mwalo, kwa simu, Jumanne saa 3 asubuhi, amechagua B kwa sababu mirunda ya A ni myembamba." Mweleze kabisa kwamba unaandika hivyo, na kwenye kikao msomee.

HATUA YA 2: Fungua bodi na uifunge isionekane na dunia

Fungua akaunti yako, tengeneza bodi, ipe jina la mradi. Orodha nne zinatosha: Yanasubiri Maamuzi, Yameamuliwa, Yanatekelezwa, Yamekwisha. Sisi tuna ya tano inaitwa Vikao, humo kila kikao kina kadi yake yenye ajenda na muhtasari, ni uamuzi wetu tu, sio lazima.

Muhimu kuliko yote hapa ni nani anaiona bodi. Kuna chaguo la bodi binafsi, la nafasi yote ya kazi (Workspace, yaani kundi linalobeba bodi zako na watu wake), na la wazi kwa kila mtu. Weka binafsi. Bodi ya wazi inaweza kuonekana mpaka kwenye Google, na ndani ya bodi ya kamati kuna namba za simu za watu, michango yao, nani anadaiwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, kuanika madeni ya mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni sio uungwana.

Halafu kuna idadi. Nafasi ya kazi ya bure ya Trello inaruhusu watu 10, kwa hiyo kamati ya wajumbe saba au tisa inaingia vizuri ila msianze kuingiza mlezi, mgeni rasmi, na shemeji wa mwenyekiti. Wasio wajumbe wapelekee taarifa kwa imeili ya kawaida.

HATUA YA 3: Waalike, na uwaambie kabla

Kwenye bodi bonyeza "Share", andika anuani ya mjumbe, tuma. Atapata imeili ya Kiingereza yenye linki, na hapo ndo wengi wanapotelea, maana tumefundishwa (na ni vizuri) kwamba linki usiyoijua usiibonyeze. Kwa hiyo piga simu au tuma meseji mapema: "Mama, ndani ya nusu saa utapata ujumbe kutoka Trello, ni mimi katibu, ufungue." Akibonyeza afungue akaunti kwa anuani ile ile uliyomwalikia, akitumia nyingine mfumo unamwona ni mtu mwingine na bodi haioni.

Ikiwa haijafika aangalie spamu, na kwenye Gmail aangalie pia ule upande wa matangazo. Akiikuta huko aihamishie kwenye inboksi kuu, hiyo inasaidia zinazofuata zije sehemu sahihi.

HATUA YA 4: Setingi ya imeili, hii ifanyike kwenye simu ya kila mjumbe

Watu wanalalamika "mimi sipati ujumbe" kumbe ni hapa. Kwenye setingi za akaunti ya Trello, upande wa notifikesheni, kuna kuchagua imeili zije mara ngapi: papo hapo, kwa vipindi, au zisije kabisa. Mjumbe asiyeingia Trello awekwe papo hapo. Ikiwa kwa vipindi, habari za kadi kadhaa zinakusanywa zinakuja kwa mkupuo, na mtu akitaka kujibu anachanganya, anaweka jibu la saruji kwenye mambo ya choo.

Mjumbe ambaye yuko Trello kila saa anaweza kuzima imeili, hiyo ni hiari yake. Na ujue wewe katibu hutapata imeili ya maoni uliyoandika mwenyewe, usije ukadhani mfumo umekufa.

HATUA YA 5: Andika ujumbe wenyewe

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Fungua kadi ya jambo husika. Mfano kadi inaitwa "Mirunda ya vichanja: tuchague muuzaji". Ambatanisha profoma kwenye kadi, zikiwa nzito zipunguze maana nafasi ya bure inapokea faili lisilozidi MB 10. Halafu nenda kwenye sehemu ya maoni, andika ujumbe wako, na ndani yake weka alama ya @ kwa wahusika. Ziko za aina tatu: @ na jina la mtu inamfikia huyo mmoja, @card inawafikia wote waliowekwa kwenye kadi ile, @board inawafikia wote wa bodi. Bila hiyo alama maoni yako yanaweza kukaa pale mwezi mzima na mjumbe asijue, isipokuwa kama yumo kwenye kadi au anaifuatilia.

@board itumieni kwa adabu. Ni kwa jambo la kamati nzima, uamuzi, kikao, dharura. Ukiitumia kuuliza nani ana funguo za stoo, watu watazoea kupuuza, na siku ya jambo zito hutamlaumu mtu. La mhazini mpelekee mhazini.

Ujumbe wenyewe uandikwe hivi, huu ni mfano wa tunavyoandika sisi:

"Waheshimiwa wajumbe, habari za kazi. Profoma tatu za mirunda zimefika. A ni ya Igoma, bei inajumuisha usafiri mpaka mwaloni. B ni ya Buhongwa, bei ya chini kuliko A ila usafiri ni juu yetu. C ni ya Sengerema, mirunda ni minene, inafika baada ya wiki mbili. Bei kamili na jumla ya kila mmoja nimeandika kwenye maelezo ya kadi. NAOMBA kila mjumbe ajibu A, B au C na sababu moja. Mwisho Alhamisi saa 12 jioni. Asiyejibu atahesabika hajapiga kura. @board"

Angalia vitu vilivyomo. Habari yote iko kwenye maandishi, kwa sababu faili uliloambatanisha kwenye kadi usitegemee litamfikia mtu kwenye imeili, mwenye bando dogo au mtandao wa kisiwani hafungui linki, anasoma maneno tu. Hata zile bei, wajumbe wako wakiwa hawafungui kadi kabisa, zirudie ndani ya ujumbe. Kuna swali moja, na jibu lake ni fupi kiasi kwamba mtu aliye kwenye daladala anaweza kuandika. Kuna mwisho. Na kuna sentensi ya ukimya, hiyo msiiache, maana kuna makatibu wanaandika "asiyejibu amekubali", mimi siungi mkono kabisa, mtu anaweza kuwa ziwani, anaweza kuwa hospitali anauguza, unampigiaje kura ya ndiyo?

Swali moja kwa ujumbe mmoja. Ukiuliza mirunda, tarehe ya kikao na chai ya mafundi kwa pamoja utajibiwa la chai.

Kuhusu muda: ukiweka tarehe ya mwisho kwenye kadi, Trello inatumia saa za kizungu, kwa hiyo saa 12 jioni unaweka 18:00 au 6:00 PM. Kwenye ujumbe andika saa zetu kama tunavyosema, na uongeze asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara. Ile tarehe ya kwenye kadi ina kikumbusho, unaweza kuchagua kitoke siku moja au mbili kabla, ila kinawaendea waliowekwa kwenye kadi na wanaoifuatilia, kwa hiyo kama unataka wote wakumbushwe waweke wote kwenye kadi.

HATUA YA 6: Wafundishe kujibu

Somo la dakika tano. Imeili ya maoni ikifika, mjumbe anabonyeza kujibu pale pale, anaandika juu kabisa, anatuma. Jibu lake linaingia kwenye kadi kama maoni yake, kwa jina lake, na wote wa kadi ile wanaliona. Asianzishe imeili mpya kwako binafsi, na asijibu kwenye WhatsApp. Akijibu WhatsApp mwambie kwa upole, "mzee wangu nimeona, naomba uliandike kule kwenye imeili ili liingie kwenye kumbukumbu". Utasema hivyo mara nyingi mwanzoni, vumilia tu, watazoea.

Wakumbushe pia kwamba wanachojibu kinasomwa na wote. Mwenye neno la siri na mwenyekiti ampigie.

Jaribuni kwa kadi ya mazoezi kabla ya jambo la kweli. Sisi tuliuliza kikao kijacho kiwe Jumamosi au Jumapili baada ya ibada, kila mtu ana msimamo kwenye hilo, kwa hiyo kila mtu alijibu.

HATUA YA 7: Ingiza imeili za wauzaji kwenye kadi

Hii wengi hawaijui na inapunguza kazi sana. Kila kadi ina anuani yake ya imeili, ipo ukifungua "Share" ya kadi. Duka la vifaa likikutumia profoma kwa imeili, wewe unaipeleka mbele kwenye anuani ya kadi, inaingia kama maoni na faili lake. Hakuna kupakua na kupakia upya.

Bodi nayo ina anuani yake, unaipata kwenye menyu ya bodi, na unachagua kadi mpya itue kwenye orodha gani, sisi zinatua Yanasubiri Maamuzi. Kichwa cha imeili kinakuwa jina la kadi na yaliyomo yanakuwa maelezo, kwa hiyo kabla ya kutuma futa yale "Fwd: Re: Fwd:" na uandike jina la Kiswahili linaloeleweka, mfano "Profoma ya saruji, Igoma".

Anuani hiyo ni ya kwako peke yako, chochote kitakachotumwa kupitia hiyo kinaonekana umekiandika wewe. Usimpe muuzaji, usiiweke kwenye grupu. Ikivuja, pale pale kwenye menyu unaomba mpya na ya zamani inakufa.

Na kwenye pesa jamani tuwe wakali. Maelekezo ya malipo yasikubaliwe kwa imeili pekee, hata yakiwa na jina la mwenyekiti. Wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Mhazini akiona namba mpya ya malipo anapiga simu kwa mwenye duka kwa namba ya zamani, anasikia sauti, ndo anaandika kwenye kadi kwamba amethibitisha.

HATUA YA 8: Funga uamuzi

Muda ukiisha, katibu anaandika maoni ya mwisho kwenye kadi: waliojibu ni wangapi, A ngapi, B ngapi, C ngapi, kama akidi imetimia kwa mujibu wa katiba yenu, uamuzi ni upi, nani anatekeleza na lini. Kisha anahamisha kadi kwenda Yameamuliwa. Kama akidi haijatimia andika hivyo hivyo na uongeze muda, usilazimishe.

Katiba za vikundi vingi zinatambua kikao, hazitambui imeili, kwa hiyo someni yenu. Tunachofanya sisi ni kuupeleka kila uamuzi wa imeili kwenye kikao kinachofuata chini ya Yatokanayo, unasomwa, unathibitishwa, unaingia kwenye muhtasari na kusainiwa. Kuna mtu atasema hiyo ni kazi mara mbili. Lakini mkaguzi akija, au wanachama wakiuliza kwenye mkutano mkuu kwa nini mlinunua kwa fulani, una karatasi yenye sahihi na una majibu ya kila mjumbe kwa jina na tarehe, na mama aliyechangia hela yake ya dagaa anastahili kupewa jibu la namna hiyo. Kadi inaweza kuprintiwa kutoka kwenye "Share" yake, hifadhi PDF, weka kwenye faili la kikao.

LINI UTUME

Hili halipo kwenye maelekezo yoyote ya Trello ila kwa huku ndo linaamua kama utajibiwa. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa, na wakati wa mbalamwezi wengi wanapumzika maana dagaa hawafuati taa vizuri mwezi ukiwaka. Kwa hiyo kama una wajumbe wavuvi, maamuzi makubwa yapange yaangukie kwenye mbalamwezi. Wakati wa giza mtu amerudi alfajiri, anashusha mzigo, anauza, analala mchana, ukimpa saa sita za kujibu unamwonea. Mpe siku mbili tatu. Wanaoanika na wauzaji wa Mwaloni nao asubuhi usiwasumbue, tuma kuanzia saa 9 mchana hivi.

Ikifika nusu ya muda angalia nani hajajibu, mkumbushe yeye tu kwa @ jina lake. Wale walioshajibu waache wapumzike.

MJUMBE AKITOKA

Uchaguzi ukifanyika au mjumbe akijiuzulu, mtoe kwenye bodi siku hiyo hiyo baada ya kumwambia. Majibu yake ya zamani yanabaki kwenye kadi na yasiguswe. Katibu naye akibadilika, asikabidhi paswedi yake, anamwalika katibu mpya kwa anuani yake, anampa uadmin (mamlaka ya kusimamia bodi), wanakaa pamoja wanapitia kadi zote za Yanasubiri Maamuzi na Yanatekelezwa moja moja, ndo anajitoa. Na muda wote wekeni maadmin wawili, katibu na mwenyekiti au katibu na msaidizi wake, ili simu ya mmoja ikidondokea ziwani kamati iendelee na kazi.